Nyumba za potopoto za Kisangani

Mwaka 1883 mvumbuzi Stanley alianzisha kituo kwenye maporomoko ya mto Kongo, mahali pa Kisangani ya leo. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, akawa wali wa hapo. Waungwana, yaani Waswahili waliofuatana naye, wakaeneza huko nyumba za udongo (potopoto) zenye baraza. Nyumba ya potopoto ikichakaa, nguzo ambazo hazijaliwa na mchwa huchomolewa, udongo wa kuta hulowekwa na kukanyagwa upya, kisha fito hufungwa kwa kamba za msituni. Enzi ya Wabelgiji, mji ukiitwa Stanleyville, yakaja majengo ya matofali ya kuchoma. Tofali zima, likikwanguliwa chokaa, nalo hutumika tena kujengea. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwa siku sita, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika.