Ndugu, Unasoma Kitabu Gani?

Watu wakikutana njiani huulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za kazi. Ni desturi njema. Lakini liko ulizo moja ambalo hatulisikii mara nyingi: "Ndugu, siku hizi unasoma kitabu gani?" Wengine hudhani ni ulizo la waalimu na wanafunzi tu. Wengine huona haya kulijibu. Huogopa kuchekwa kwa kuwa kitabu chao ni kidogo, au kwa kuwa hawajakielewa vizuri.

Leo nataka kuwaonyesha kwa historia kwamba ulizo hili si dogo. Tutamtazama Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika. Tunajua kwamba neema ya Mungu ndiyo iliyomgeuza. Lakini neema hiyo ilipitia njia ya kawaida kabisa: watu walioambiana walichokuwa wakisoma.

Kijana wa Tagaste

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 mjini Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristu mwenye bidii. Baba yake, Patricius, alikuwa bado mpagani. Mtoto alikuwa na akili nyingi, akapelekwa Kartago kusoma.

Alipokuwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, Mroma, kilichoitwa Hortensius. Kitabu hicho kiliwasha moyoni mwake hamu ya kutafuta hekima. Leo hatuna tena kitabu kizima cha Hortensius, kimepotea. Vimebaki vipande tu, navyo vimebaki kwa sababu wasomaji wake waliwasimulia wengine yaliyomo, na Augustino ni mmoja wao.

Tukumbuke kwamba siku zile hapakuwa na mashine ya kupiga chapa. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, juu ya mafunjo au ngozi, ukurasa baada ya ukurasa. Kwa hiyo kitabu kilikuwa na bei kubwa, na kimoja kilipita katika mikono mingi. Mtu asiyesema ana kitabu gani aliwanyima wenzake kitu ambacho hawakuweza kukipata dukani.

Lakini tuseme kweli yote. Kushirikiana vitabu kulimdhuru Augustino kwanza. Kwa muda wa miaka tisa hivi alifuata mafundisho ya Mani, naye akawavuta rafiki zake wayafuate. Mmoja wao aliitwa Honoratus. Baadaye, karibu na mwaka 391, Augustino alipokuwa padri, alimwandikia Honoratus kitabu kizima ili amtoe katika kosa lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa amemtia. Ndiyo maana nasema ulizo letu si mchezo. Anayempa mwenzake kitabu anamshika mkono kumpeleka mahali. Ni lazima ajue anampeleka wapi, na akitambua kwamba amempoteza, arudi kumtafuta.

Jibu la padri mzee

Mwaka 384 Augustino alifika Milano, mji wa Italia, akawa mwalimu wa ufasaha wa maneno. Hapo alimsikia Askofu Ambrosi akihubiri. Taratibu aliacha kuwaamini wafuasi wa Mani, lakini hakuwa na nguvu ya kuacha maisha yake ya zamani.

Mwaka 386 alimwendea padri mmoja mzee, jina lake Simplicianus, akamweleza shida zake. Katika maongezi akataja kwamba amesoma vitabu vya wafuasi wa Plato, vilivyofasiriwa kwa Kilatini na Victorinus. Simplicianus angeweza kumjibu, "Vema," akanyamaza. Lakini aliposikia jina la Victorinus alifurahi, kwani alimjua tangu walipokuwa Roma.

Basi akamsimulia. Victorinus naye alikuwa Mwafrika. Alikuwa mwalimu mwenye sifa kubwa, hata sanamu yake iliwekwa hadharani mjini Roma. Uzeeni mwake akaanza kusoma Maandiko Matakatifu na vitabu vya Wakristu, akivichunguza kwa bidii. Kwanza alimwambia Simplicianus kwa siri tu kwamba amekwisha kuwa Mkristu. Simplicianus akakataa kusadiki mpaka amwone kanisani. Mwisho Victorinus alishinda woga, akaungama imani mbele ya watu wote. Na Kaisari Juliano alipowakataza Wakristu kufundisha, mwaka 362, yule mzee aliona ni afadhali kuacha shule yake kuliko kuacha imani.

Augustino akasikia hamu kubwa ya kumwiga. Tazameni jambo hili: alitaja tu jina la mfasiri wa kitabu, naye akapewa mfano wa mtu aliyekuwa mwalimu kama yeye, Mwafrika kama yeye, na aliyeogopa watu kama yeye.

Kitabu juu ya meza

Siku moja mwaka ule ule, Augustino alikuwa nyumbani pamoja na rafiki yake Alypius, mwenzake wa Tagaste. Akaja mgeni, Ponticianus, Mwafrika mwenye cheo kikubwa katika jumba la Kaisari. Alikuja kwa haja yake nyingine. Wakaketi kuongea.

Mbele yao palikuwa na meza ya kuchezea, na juu yake kitabu. Ponticianus akakichukua, akakifungua. Alidhani ni kitabu cha kazi ya ualimu, lakini akaona ni Nyaraka za Mtakatifu Paulo. Akatabasamu, akamtazama Augustino kwa mshangao na furaha, kwani yeye alikuwa Mkristu aliyebatizwa. Augustino hakukificha kitabu. Akamwambia kwamba anayasoma maandiko hayo kwa bidii kubwa.

Hapo maongezi yakaanza, na Ponticianus akataja jina la Mtakatifu Antoni, mmonaki wa Misri. Augustino na Alypius walikuwa hawajapata kulisikia jina hilo hata mara moja. Ponticianus akashangaa kuona watu wenye elimu namna hii hawamjui Antoni. Nao wakashangaa kusikia kwamba mambo makubwa kama hayo yametendeka karibu na siku zao. Antoni alikufa mwaka 356, Augustino akiwa mtoto mdogo. Hata pale Milano, nje ya kuta za mji, palikuwa na nyumba ya wamonaki chini ya ulinzi wa Ambrosi, nao hawakuwa na habari nayo. Augustino alikuwa mwalimu wa mji mzima, lakini hakujifanya anajua. Alinyamaza, akasikiliza. Wazee husema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba kukubali kufundishwa na mgeni si aibu.

Habari za Antoni zilikuwa zimeandikwa kwa Kigiriki na Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria. Haukupita muda mrefu zikafasiriwa kwa Kilatini, na Evagrius wa Antiokia alikuwa mmoja wa wafasiri wake. Ponticianus akaeleza jinsi kitabu hicho kilivyowapata wenzake wawili mjini Trier, ambako kwa wakati ule Kaisari alikuwa akikaa.

Siku hiyo Kaisari alikuwa uwanjani akitazama michezo. Ponticianus na wenzake watatu wakaenda kutembea katika bustani karibu na kuta za mji. Wakagawanyika wawili wawili. Wawili kati yao, watumishi wa serikali, wakaingia katika nyumba ndogo walimokaa watumishi wa Mungu, watu maskini, wakakuta humo kitabu cha maisha ya Antoni. Mmoja akaanza kukisoma. Alivyozidi kusoma, ndivyo moyo wake ulivyozidi kugeuka. Akamwambia mwenzake yaliyokuwa moyoni mwake, kwamba anaacha kazi ya Kaisari ili amtumikie Mungu. Mwenzake akajibu kwamba atafuatana naye. Kila mmoja alikuwa na mchumba, na wachumba hao waliposikia habari, wakajitoa kwa Mungu wao pia.

Ponticianus alipomaliza haja yake, akaenda zake. Lakini Augustino hakuwa tena mtu yule yule. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kidole katika ukurasa

Augustino akatoka kwenda bustanini, moyo wake ukipigana. Huko akasikia sauti kama ya mtoto katika nyumba ya jirani, ikiimba na kurudia neno la kumtaka achukue na kusoma. Akakumbuka aliyosikia juu ya Antoni, jinsi alivyoingia kanisani, akasikia Injili ikisomwa, akaipokea kama neno lililosemwa kwake mwenyewe. Basi Augustino akarudi penye kitabu cha Paulo, akakifungua, akasoma kimya maneno ya kwanza yaliyokutana na macho yake, katika Waraka kwa Waroma. Mashaka yakamtoka.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Alitia kidole katika ukurasa, akakifunga kitabu, akamweleza Alypius. Alypius akaomba aonyeshwe mahali pale, akasoma na maneno yaliyofuata, yanayoagiza kumpokea mtu aliye dhaifu katika imani. Akasema maneno hayo ni yake. Wakaingia wote wawili ndani kumpasha habari mama Monika, naye akafurahi mno. Siku kuu ya Pasaka mwaka 387 Ambrosi akawabatiza.

Hebu tuhesabu mikono iliyopokezana. Atanasi aliandika na wengine wakafasiri. Maskini wa Trier waliweka kitabu mahali kinapoonekana, na watumishi wa Kaisari wakakisoma. Ponticianus alisimulia, Augustino akasadiki, naye akamwonyesha Alypius. Kama mmoja tu kati yao angalifunga kinywa chake, habari ingaliishia kwake.

Kuazima na kurudisha

Augustino alirudi Afrika mwaka 388. Baadaye akawa Askofu wa Hippo, mji uitwao leo Annaba, na Alypius akawa Askofu wa Tagaste. Desturi yao ya kupashana habari za vitabu haikukoma. Karibu na mwaka 395 Alypius alimpelekea Paulinus, aliyekaa Nola katika Italia, vitabu vitano vya Augustino vilivyokanusha mafundisho ya Mani. Naye alikuwa amemwomba kitabu cha Eusebius juu ya historia ya nyakati zote. Paulinus hakuwa nacho. Akakitafuta, akakipata Roma kwa jamaa yake Domnio, akakipeleka Afrika ng'ambo ya bahari. Lakini aliagiza kwamba kinakiliwe Kartago upesi, kisha mwenyewe arudishiwe kitabu chake. Tusisahau sehemu hiyo ya pili! Wangapi kati yetu wameacha kuazimisha vitabu kwa sababu havikurudi?

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Augustino alikufa tarehe 28 Agosti, mji ukiwa bado umezingirwa. Rafiki yake Possidius, Askofu wa Calama, ameandika kwamba hakuacha usia wa mali, kwa sababu alikuwa maskini wa Mungu. Lakini aliagiza mara nyingi vitabu vya kanisa vitunzwe vizuri kwa ajili ya watakaokuja. Possidius aliandika pia orodha ya vitabu vya Augustino, ili msomaji achague anachotaka na kukiomba apate kukinakili.

Ndugu wasomaji, sisi hatuna haja ya kunakili kwa mkono. Lakini je, jirani yako anajua una kitabu gani nyumbani? Weka kitabu chako mezani, kisikae sandukuni. Mgeni akikuuliza, mweleze bila haya ulichokielewa, na usichokielewa pia, kwani labda yeye atakufungulia. Akitaja jina usilolijua, usijifanye unalijua. Ukiazima, rudisha. Ukiona kitabu kinapoteza watu, mwonye mwenzako kwa upole, kama Augustino alivyomfanyia Honoratus.

Na Jumapili hii, baada ya Misa, mkisimama nje ya kanisa kusalimiana, mkisha kuulizana habari za watoto na za shamba, ongezeni na ulizo hili moja: "Ndugu, unasoma kitabu gani?" Kisha mwacheni ajibu mpaka amalize.