Jina la Mkoba: Kutoka Merikani ya Bibi Zetu hadi Kariakoo



Kila msimu wa harusi, hasa Shaaban inapoingia na watu wanataka kumaliza shughuli kabla ya Ramadhani, dukani kwetu huja mabinti na simu mikononi. Hutuonyesha picha ya mkoba wenye herufi za dhahabu mbele na kutuuliza: "Dada, mnao huu? Lakini uwe orijino." Mkoba huo unatakiwa uingie kwenye begi la bi harusi, pamoja na kanga, madira, viatu, udi na manukato. Ukikosekana, tunaambiwa, begi halijatimia.

Mama zetu wakisikia huguna. "Sisi tumeolewa na kikapu cha ukili na tumekaa na waume zetu mpaka leo. Haya mambo ya majina nyinyi mmeyatoa wapi?"

Swali hilo tumelifikiri sana, kwa sababu riziki yetu imo humo. Tulimaliza sekondari, tukasomea ushonaji, na kwa miaka sasa tunavuka kwa boti kwenda Dar es Salaam kufunga mzigo Kariakoo. Kadiri tunavyoijua historia ya pwani yetu, tunaona mama zetu wamesahau kidogo. Majina hatukuyatoa mbali. Tumeyarithi.

Nguo iliyokuwa na jina

Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Meli nyingi zilizokuja Unguja zilitoka mji wa Salem, Massachusetts. Zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, na zilileta nguo ya pamba nzito, ambayo haikutiwa rangi wala kung'arishwa. Watu wakaiita merikani. Ikapendwa visiwani na mrima, ikapanda na misafara hadi Tabora na Ujiji, na huko bara ikatumika kama fedha.

Viwanda vya Uingereza vilipoona hivyo vikaiga, na vya Bombay vikafuata. Lakini wanunuzi wa pwani hawakuwa wajinga. Waliishika nguo, wakaipima uzito kwa mkono, wakaifua. Nyingi kati ya nguo hizo za kuiga walizikataa, wakataka ileile ya Marekani. Mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika, na hapo nguo za kuiga zikapata njia. Jina likabaki merikani hata pale nguo yenyewe ilipokuwa haikutoka Marekani tena.

Kwa hiyo jina la kweli, jina la kuazima na mteja anayetaka kujua kipi ni kipi, hayo yote yalikuwapo hapa zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Kwa nini walijali

Merikani ikitiwa rangi nyeusi ya nili iliitwa kaniki. Ilikuwa nguo ya bei nafuu, na ndiyo iliyovaliwa na wanawake wengi waliokuwa watumwa. Ukimwona mtu na kaniki yake, ulijua daraja lake kabla hajafungua mdomo.

Mwaka 1897 utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba, ingawa masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo hadi 1909. Wanawake walioachwa huru waliiweka kaniki pembeni wakavaa kanga. Wengi walikuwa vibarua, wachuuzi na wapishi, hawana kitu, lakini walijibana mpaka wapate doti ya kanga. Mtu wa nje angewaambia wanafuja pesa. Wao walijua wanachonunua. Walikuwa wanasema kwa nguo kwamba na wao ni watu, wana heshima zao.

Hili tunaomba dada zetu mlishike, kwa sababu linatufunga mdomo tunapotaka kumcheka binti wa leo anayetamani mkoba wa jina. Huenda ametoka kwenye nyumba ambayo siku zote inahesabiwa ndogo, na siku ya harusi yake hataki kuhesabiwa hivyo. Haja ya kuheshimiwa ni ya kale. La kuuliza ni kama hicho anachonunua kitampa heshima hiyo au kitamwaibisha.

Mali ya Abdulla

Kanga yenyewe ilianza na leso zilizoletwa na wafanyabiashara. Wanawake walinunua leso sita, wakazishona tatu tatu kwa safu mbili, ikawa nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari, na maandishi yakaingia: kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazosoma leo.

Huko Mombasa, mwaka 1887, familia ya Kaderdina Hajee Essak ilifungua duka ambalo wateja walilijua zaidi kwa jina la Abdulla. Kanga zao zilichapwa alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Bibi zetu walikuwa wakiliangalia jina hilo kwenye kanga kabla ya kuuliza bei, na kanga isiyo nalo waliitilia shaka.

Hii haina tofauti na binti wa leo anayeangalia herufi za dhahabu. Lakini Abdulla alikuwapo. Duka lake lilikuwa na mlango. Kanga ikichuja rangi baada ya kufuliwa mara moja, mteja alijua pa kuirudisha na nani wa kumlaumu. Jina lilikuwa dhamana ya mtu anayejulikana.

Na bibi zetu hela waliweka wapi? Katika pindo la kanga, au kwenye kikapu na mkoba wa ukili uliosukwa kwa mkono. Hakuna aliyeandika jina lake juu ya kikapu, kwa sababu kila mtu kijijini aliijua kazi ya msusi.

Kariakoo

Kariakoo nayo ni jina la kuazima. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalifanya Kariakoo. Baadaye uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka: upande wa bahari Uzunguni na Uhindini, upande wa pili Waafrika na Kariakoo yao. Duka la vioo lilikuwa kule, genge lilikuwa huku.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Kiwanda cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China kilianza mwaka 1968, na kanga zikachapwa papo hapo Dar es Salaam. Jengo kubwa la soko la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975. Kisha ikaja miaka ya shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na kanga vilikuwa vya foleni, na mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, watu waliogopa hata kukutwa na madoti mengi ndani.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi. Mwaka huohuo Mzee Ali Hassan Mwinyi alishika uongozi Zanzibar, na 1985 akawa Rais wa Muungano. Watu wakamwita Mzee Ruksa. Mama zetu waliokuwa wakipanga foleni ya kanga moja sasa waliona maduka yamejaa. Wafanyabiashara wakaanza kwenda Dubai, na baadaye Guangzhou. Waliorudi na makontena walishusha mzigo Kariakoo, na humo ndimo mikoba yenye majina ya Ulaya ilimokuja.

Leo ukipita Mtaa wa Kongo utaiona imening'inia kama samaki wa kukaushwa. Herufi ni zilezile za Paris, bei ni ya futari.

Majina yenyewe yalikotoka

Louis Vuitton alifungua karakana yake Paris mwaka 1854, akitengeneza masanduku ya safari. Waigaji wakamwandama. Mwaka 1896 mwanawe Georges akabuni ile nakshi ya herufi L na V pamoja na maua, kusudi kazi yao isiweze kuigwa. Nakshi iliyobuniwa kuwazuia waigaji ndiyo leo inayoigwa kuliko zote.

Hermès ilianza 1837 kwa kushona hatamu na vifaa vya farasi. Mkoba wao mashuhuri, Birkin, ulitokana na kikapu. Mwigizaji Jane Birkin alizoea kubeba kikapu cha kusukwa. Katika safari ya ndege kutoka Paris kwenda London vitu vyake vilimwagika, na aliyekaa karibu naye alikuwa Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès. Wakazungumza, na mwaka 1984 mkoba ukatoka. Ule wa kwanza kabisa uliuzwa mnadani Paris mwaka 2025 kwa zaidi ya euro milioni 8. Mama zetu wanaosema waliolewa na kikapu wana la kujivunia.

Kosa letu

Tunalolisema sasa hatulisemi kwa raha. Miaka ya mwanzo tulinunua mikoba ya kopi Kariakoo kwa jumla, kwa shilingi 25,000 mmoja. Muuzaji alituambia wazi kuwa ni kopi. Tulipovuka maji tukaiita "orijino ya Dubai" na kuiuza 120,000. Tulijiambia mteja anajua, asingetarajia mkoba wa Paris kwa bei hiyo.

Mteja mmoja hakujua. Alikuwa mama mjane, mwanawe anaoa. Alicheza upatu miezi mingi ili begi la mkwewe litimie. Siku ya kulifungua, wanawake wamejaa ukumbini, shangazi mmoja wa bi harusi aliyekaa sana Uarabuni aliuchukua ule mkoba, akaugeuza, akasoma herufi ndani, akacheka. Jina lenyewe lilikuwa limekosewa herufi moja. Kicheko kikazunguka. Mama yule hakuja kutugombeza. Alikuja siku ya tatu, akauweka mkoba juu ya meza, akasema, "Wanangu, mngeniambia tu."

Tulimrudishia pesa zake zote. Lakini kicheko cha siku ile hatukuwa na uwezo wa kukirudisha. Alitaka heshima, nasi tukamuuzia aibu.

Sote tumesomeshwa chuoni kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika fungu la chakula, vidole vikakuta unyevu ulioachwa na mvua. Alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka sehemu ile juu watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Mkoba wetu ulikuwa fungu lile. Sheria ya dunia nayo ipo: upande wa Bara, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza mali yenye alama ya kughushi, na Tume ya Ushindani hukamata mizigo ya namna hiyo. Lakini sisi hatukushikwa na Tume. Tulishikwa na maneno matatu ya mama mjane.

Basi tufanye nini

Hatusemi kupenda kitu kizuri ni dhambi. Dini yetu imetufundisha kuwa kupenda nguo nzuri na viatu vizuri si kibri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Shangazi aliyecheka na sisi tuliodanganya tujitazame kwanza, kabla ya yule binti aliyetamani.

Dada unayeolewa, ukiwa na uwezo wa mkoba wa jina, na mume hakopi kwa ajili yake, nunua kwa mwenyewe na uvae kwa shukrani. Kama uwezo haupo, usimbebeshe mwanamume deni la herufi mbili, wala usikubali kopi kwa jina la orijino. Chukua mkoba usio na jina lakini wenye kazi nzuri. Sisi mafundi tunatazama hivi: vuta mkono wa mkoba pale uliposhonewa, uone kama uzi umerudiwa. Fungua zipu na kuifunga mara kumi. Geuza bitana nje, maana fundi mvivu huficha uvivu wake ndani. Kunja ngozi kidogo, ikipasuka rangi iache.

Siku hizi dukani tunauza mikoba ya aina hiyo, na vikapu vya ukili tunavyovitia bitana na zipu wenyewe. Kila kimoja tunashonea kitambaa kidogo ndani chenye jina la duka letu. Faida imepungua, hatufichi. Lakini mkono ukikatika, mteja anajua pa kuturudia, kama bibi zetu walivyojua mlango wa Abdulla.

Na yule mama mjane? Mwaka jana alimleta binti yake wa mwisho, naye anaolewa. Akachagua kikapu, akakigeuza, akakisoma kile kitambaa, kisha ndipo akauliza bei.

Allah azibariki ndoa zenu, dada zetu, na atujaalie chumo la halali. Amin.