Ufupisho wa Kifungu: Funzo Kutoka Historia ya Kiswahili Nchini Uganda

Sehemu ya ufupisho huwapotezea watahiniwa wengi alama, ilhali majibu yote yamo katika kifungu walichopewa. Katika makala haya tunadhamiria kuonyesha chanzo cha tatizo hilo kwa kutumia historia ya lugha tunayoifundisha, kwani nayo imefupishwa vibaya kwa miaka mingi.

Zoezi hili lina asili yake. Uingereza ilipoanza kuwatahini watumishi wa serikali mwaka 1855, ufupisho ulikuwa miongoni mwa mambo waliyopimwa. Karani alitakiwa asome jalada refu la barua, kisha amweleze mkubwa wake yaliyomo bila kuongeza wala kupotosha. Mitihani ya kikoloni ilituletea zoezi hilo, na mabaraza yetu ya mitihani yakalirithi. Lengo lake halijabadilika: uaminifu kwa maneno ya mwingine.

Tuchukue kifungu hiki:

"Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga, akihofia hadhi ya Kiganda na ya Buganda yenyewe. Wakati huo kulikuwa na mazungumzo ya kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, na wengi waliogopa kuwekwa chini ya walowezi wa Kenya. Maaskofu nao walipinga: Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiganda tangu 1896, na Kiswahili walikihusisha na Uislamu. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika lugha za shule, isipokuwa shule za polisi. Mwaka huo huo Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilihamia Makerere."

Swali: Kwa maneno yasiyozidi 40, eleza kwa nini pendekezo la Gowers lilipingwa.

Jibu tunalokutana nalo mara kwa mara ni hili: "Waganda walikikataa Kiswahili kwa sababu ni lugha ya wanajeshi." Sentensi ni fupi na sarufi yake ni sahihi, lakini haistahili alama. Kwanza, imempanua mtendaji: kifungu kinamtaja Kabaka, maaskofu na watu wengi, si Waganda wote. Pili, sababu zote zimeachwa. Tatu, wanajeshi hawamo kabisa katika kifungu.

Basi wanajeshi wametoka wapi? Wametoka kichwani mwa mtahiniwa. Sisi wa Makindye tunaelewa. Kiswahili kilikuwa lugha ya kikosi cha King's African Rifles. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika utawala huo huo watu walizuiliwa na kuteswa katika kambi ya kijeshi ya hapa Makindye. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli na ni nzito. Hata hivyo, kuirudisha nyuma hadi mwaka 1927 ni kuongeza jambo ambalo mwandishi hakulisema. Ufupisho haupimi tunayoyajua nje ya kifungu.

Sasa tazama jibu hili: "Kabaka Daudi Chwa alilipinga pendekezo la Gowers la mwaka 1927 akihofia hadhi ya Kiganda na Buganda. Wengi walichelea muungano ambao ungewaweka chini ya walowezi wa Kenya. Maaskofu walikuwa na Biblia ya Kiganda, tena walikihusisha Kiswahili na Uislamu." Maneno ni 37. Habari za mwaka 1952, ingawa zinavutia, zimeachwa kwa kuwa swali liliuliza sababu tu.

Hivyo, mwanafunzi asome swali kabla ya kifungu, apigie mstari hoja zinazolijibu, aziandike kwa maneno yake katika matayarisho, azihesabu, kisha aunganishe nakala safi. Kabla ya kukabidhi karatasi ajiulize: nani amefanya? Kwa nini? Je, nimeongeza langu?

Maswali hayo yana faida hata nje ya chumba cha mtihani. Tangu 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa mujibu wa Katiba, na mtaala wa sekondari wa mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mzazi akiuliza kwa nini lugha hii iliwahi kupingwa, mwalimu anayejibu kwa ile sentensi moja atamwachia chuki tu. Anayemtajia sababu atampa la kujadili, kwa maana hofu ya kupoteza Kiganda inaweza kujibiwa: leo hakuna anayeambiwa akiache ili ajifunze Kiswahili.