Mbuzi Kajificha Wapi? Safari ya michezo ya kusaka vitu

Orodha iko chini ya skrini: mkasi, kinyago, saa ya mfukoni, ufunguo, popo. Juu yake inaonekana maktaba ya jumba la kale, imesheheni vikorokoro hadi darini. Mkasi umelazwa kwenye fremu ya picha, na rangi yake imefanana na ya mbao. Ufunguo umejibanza katikati ya nakshi za zulia. Mchezaji akibofya ovyo kwa kubahatisha, michezo mingi humkata muda. Akikwama huomba kidokezo, kisha hungoja kabla ya kupewa kingine.

Mchezo huu wa kompyuta wa kusaka vitu ulianzia vitabuni. Mwaka 1987, Martin Handford wa Uingereza alitoa Where's Wally?, kitabu cha picha kinachomficha kijana mwenye fulana ya mistari myekundu na myeupe katikati ya umati. Mwaka 1992 Marekani ikapata I Spy: Jean Marzollo alitunga vitendawili vya kutaja vitu, na Walter Wick akapiga picha za vitu vilivyotapakaa. Vitabu hivyo vya watoto vilikuja kugeuzwa michezo ya kompyuta kwenye sidii.

Mtu mzima naye hahangaiki kupekua chumba cha wenyewe bila sababu. Sababu ilipatikana Seattle. Kampuni ya Big Fish Games, iliyoanzishwa na Paul Thelen mwaka 2002, ilitoa Mystery Case Files: Huntsville mwezi Novemba 2005. Sasa mchezaji alikuwa mpelelezi, na takataka za chumbani zikawa ushahidi. Kampuni iliwaruhusu watu kuonja michezo yake bure kwa saa moja. Utamu ukikolea, saa ikiisha, ulipe.

Mwaka 2006 ukaja mchezo wa Ravenhearst katika mfululizo huohuo wa Mystery Case Files, na hapo mambo ya kale yakashika usukani. Mchezaji anaingia katika jumba kuukuu la Uingereza, anaokota kurasa za shajara ya mwanamke aitwaye Emma, na kila mlango umefungwa kwa fumbo. Jumba la aina hiyo ni zawadi kwa mchoraji: kinubi, taipureta, santuri na upanga vikikaa chumba kimoja, hakuna atakayeshangaa.

Mwaka huohuo Big Fish ilitoa Hidden Expedition: Titanic, na mwaka 2007 riwaya ya Agatha Christie ya 1937, Death on the Nile, ikageuzwa mchezo wa kusaka vitu, na mpelelezi wake Hercule Poirot akiwa kazini.

Titanic ndiyo inayoonyesha udhaifu wa michezo hii. Meli hiyo ilizama Aprili 15, 1912, na zaidi ya watu 1,500 wakafa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1985, kina cha karibu mita 3,800. Mchezoni, kaburi hilo linakuwa kabati la kupekua. Historia inatoa samani na mavazi. Maswali yake magumu huachwa nje.

Lugha nayo ina hila zake. Neno la Kiingereza "bat" ni popo, na pia ni gongo la kupigia mpira, kwa hiyo mchezaji hutafuta mnyama kumbe kitu chenyewe kimeegemezwa ukutani. Kiswahili kingewatesa wachezaji vilevile: orodha ikisema "mbuzi", mmoja atatafuta pembe na ndevu, huku mbuzi ya kukunia nazi ikimtazama kutoka jikoni.

Kisha mchezo ukahamia Facebook. Gardens of Time ya mwaka 2011 iliwarudisha wachezaji katika zama mbalimbali, na mwaka 2012 kampuni ya Pretty Simple ya Paris ikatoa Criminal Case. Fedha zilikuwa nyingi: mwaka 2014 Churchill Downs, kampuni ya mbio za farasi ya Kentucky, ilikubali kuinunua Big Fish kwa hadi dola milioni 885, na mwaka 2017 ikakubali kuiuza kwa Aristocrat ya Australia kwa dola milioni 990.

Mwaka huo wa 2017, Wooga ya Berlin ilitoa June's Journey kwa simu za mkononi. June Parker, mwanamke wa miaka ya 1920, anachunguza kifo cha dada yake, na kila kisa kikifumbuliwa huzaa kingine, kwa sababu sura mpya zimekuwa zikiongezwa tangu hapo.