Sinema ya Kigali: ilikotoka na kwa nini inakuhusu

Kama umehamia Kibagabaga au mtaa mwingine wa Kigali hivi karibuni, huenda umesikia kwenye simu ya jirani filamu ya Kihindi au ya Kimarekani ambayo sauti za waigizaji wake zimefifia. Anayesikika ni mtu mmoja, anaeleza kila kitu kwa Kinyarwanda, kwa kasi na kwa utani. Hiyo inaitwa agasobanuye.

Makala hii inakueleza sinema ya Kigali ilikotoka, ni nani walioijenga, na mambo ya kuzingatia unapoitazama. Utaona kwamba watu waliowahi kuishi mbali na kwao wana sehemu kubwa katika historia hiyo.

Filamu yenye msimulizi

Agasobanuye maana yake ni kitu kilichofafanuliwa. Msimulizi hapunguzi tu sauti na kutafsiri. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anawaonya, anawacheka, na anaeleza mila ambazo mtazamaji hazijui. Kwa hiyo hata mtu asiyejua Kiingereza wala kusoma maandishi ya chini anaifuata hadithi mpaka mwisho.

Kama unatoka nchi jirani, jambo hili si geni kwako. Kampala msimulizi huitwa VJ, na VJ Jingo ni miongoni mwa wanaojulikana zaidi. Kenya wengi wanamfahamu DJ Afro. Dar es Salaam, waliokuwa wakienda vibanda umiza wanamkumbuka Lufufu. Kigali jina kubwa lilikuwa Yanga, yaani Nkusi Thomas, aliyefariki mwaka 2022. Kazi hizi zilianzia kwenye vibanda vya video na kanda, zikaenda kwenye diski, na leo zinapitishwa kwa flashi na simu.

Baada ya 1994: nani asimulie?

Zamani Rwanda ilikuwa mahali ambapo wageni walikuja kurekodi filamu zao. Mfano unaojulikana ni Gorillas in the Mist ya mwaka 1988, kuhusu mtafiti Dian Fossey.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, swali likawa zito zaidi: ni nani atakayesimulia yaliyotokea, na kwa lugha gani? Filamu iliyojulikana zaidi duniani, Hotel Rwanda ya mwaka 2004, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Lakini kabla yake, mwaka 2001, ilikuwa imetoka 100 Days. Hiyo ilirekodiwa Rwanda kwenyewe, katika eneo la Kibuye, ambalo leo liko wilaya ya Karongi. Ndiyo wilaya iliyo na kambi ya Kiziba.

Mwongozaji wa 100 Days alikuwa Mwingereza Nick Hughes. Mtayarishaji alikuwa Eric Kabera, Mnyarwanda aliyezaliwa Kongo. Kabera ndiye aliyeanzisha kituo cha sinema cha Rwanda na baadaye shule ya filamu jijini Kigali. Shule hiyo aliipa jina la Kiswahili: Kwetu.

Skrini iliyopanda vilima

Mwaka 2005 lilianza Tamasha la Filamu la Rwanda, ambalo watu wengi wanaliita Hillywood, kwa sababu Rwanda ni nchi ya vilima elfu. Waandaaji hawakungoja watu waje mjini. Walibeba skrini kubwa ya kujazwa upepo, wakaisimamisha kwenye viwanja vijijini, na watu wakatazama bila kiingilio. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuona filamu kwa Kinyarwanda kwenye skrini kubwa.

Kazi za Wanyarwanda zikaanza pia kusafiri. Grey Matter ya Kivu Ruhorahoza ilitoka mwaka 2011. Mwaka 2019 Joel Karekezi alishinda tuzo kuu ya tamasha la FESPACO nchini Burkina Faso kwa filamu yake The Mercy of the Jungle. Inahusu askari wawili wa Rwanda waliopotea katika msitu wa Kongo wakati wa vita vya mwaka 1998. Ikiwa ulitoka Kivu, vita hivyo unavijua kwa njia yako mwenyewe, na unaweza kuwa na maoni tofauti na ya jirani yako. Zungumzeni kwa heshima.

Nyumbani, tamthilia ya Seburikoko ya televisheni ya taifa ilimfanya Niyitegeka Gratien ajulikane nchi nzima. Baadaye aliendelea na Papa Sava, inayotazamwa kwenye YouTube.

Wakimbizi mbele ya kamera

Neptune Frost ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Anisia Uzeyman na Saul Williams, ilirekodiwa Rwanda. Miongoni mwa wasanii wake wamo Warundi waliokimbilia Rwanda baada ya machafuko ya mwaka 2015. Ndani yake wanaongea Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, kama unavyosikia sokoni Kimironko. Filamu hiyo ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Kwa kijana wa Mahama au Kiziba anayerekodi video kwa simu, huo ni ushahidi kwamba mkimbizi anaweza kuwa msanii, si mtu wa kusimuliwa tu.

Mambo ya kuzingatia

- Kuanzia tarehe 7 hadi 13 Aprili ni wiki ya maombolezo ya kitaifa. Burudani husimama, na filamu zinazoonyeshwa hadharani ni za kumbukumbu. Kipindi chote cha kumbukumbu huendelea hadi tarehe 4 Julai.
- Kukana mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni kosa la jinai nchini Rwanda. Kumbuka hilo unapojadili filamu, hata kwenye mitandao.
- Filamu za vita zinaweza kuamsha machungu. Ukiona mtu anatetemeka, analia au hawezi kupumua vizuri, mtoe nje polepole, kaa naye, usimlazimishe kueleza. Kisha msindikize kwenye kituo cha afya kilicho karibu.
- Usiwaonyeshe watoto filamu za mauaji bila mtu mzima wa kuwaeleza.
- Ukirekodi filamu yako, omba ruhusa kwa kila anayeonekana. Kwa mtoto, omba kwa mzazi au mlezi. Mkimbizi anaweza kuhatarishwa na picha ya uso wake.

Kama unataka kuanza, anza na kilicho karibu. Tazameni agasobanuye pamoja na majirani, wenyeji na wageni, halafu waulize maana ya maneno usiyoyaelewa. Wengi wamejifunza Kinyarwanda kwa njia hiyo. Nawe uwafundishe Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda.