Meli za Mizigo za Ziwa Viktoria na Mazao Yetu

Leo tuache kidogo habari za mbegu na mbolea, tuzungumze juu ya meli. Msiseme meli hazituhusu. Marobota ya pamba yakishafungwa kiwandani, kazi ya jembe imekwisha, lakini safari ya kutafuta bei ndiyo kwanza inaanza.

Meli ya William Mackinnon iliundwa Paisley, huko Scotland, ikaletwa Mombasa vipande vipande. Sehemu ya mwendo vipande hivyo vilibebwa na wapagazi mpaka Kisumu, na mwaka 1900 ikaelea ziwani. Mwaka 1901 Reli ya Uganda nayo ikafika Kisumu. Basi mwenye reli akawa ndiye mwenye meli kubwa pia.

Wakulima wa Uganda walipoanza kugawiwa mbegu za pamba, kuanzia mwaka 1903, mavuno yao yalivushwa ziwa hadi Kisumu, yakapandishwa garimoshi kwenda Mombasa. Njia moja, mwenyewe mmoja. Mkulima hakuwa na pa kugeukia. Nafuu ilikuja reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, na ile ya kutoka Kenya ilipofika Kampala mwaka 1931. Pamba ya Mwanza ikaweza kwenda Dar es Salaam, na ya Uganda ikaweza kufika pwani bila kupanda meli.

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki, pamoja na meli zake. Katika miaka ya 1960 zikaja Umoja na Uhuru, meli za kuvusha mabehewa. Gatini behewa linasukumwa kutoka reli ya nchi kavu mpaka reli iliyomo melini, na ng'ambo linatoka vivyo hivyo. Mzigo haushushwi, magunia hayatoboki. Hayo yaliwezekana kwa kuwa reli za pande zote zilikuwa na upana mmoja, mita 1.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya, na mpaka wa nchi hizo mbili ukafungwa hadi mwaka 1983. Uganda nayo ikanunua zake: Kabalega, Pamba na Kaawa, yaani kahawa kwa Kiganda. Mwaka 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana, Kabalega ikazama. Mwaka 2018, baada ya matengenezo, Umoja ilirudi kuvusha mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell.

Sasa ndugu zangu, tazameni. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa waliunda shirikisho la vyama vyao vya ushirika, wakashika mizani, wakamiliki na viwanda vya kuchambulia pamba. Lakini meli na reli zilibaki mikononi mwa wengine, na nauli hukatwa kwenye bei ya kilo yako.

Kwa hiyo, kabla ya msimu, simama katika mkutano wa chama chako uulize: mzigo wetu utapita njia gani? Nauli ya tani moja ni kiasi gani? Njia hiyo ikifungwa, ya pili ni ipi? Mwenyekiti asipokuwa na jibu, mpeni muda akalitafute, maana pamba ikishajaa ghalani mtakuwa mmechelewa.