Ukurasa wa Wavuti kwa Mfanyabiashara wa Busia na Malaba: Mambo ya Msingi

Shehena nyingi zitokazo Bandari ya Mombasa kwenda Uganda hupitia Malaba au Busia, na madereva wetu wa Pwani hulala huko wakingoja karatasi zao. Miji hiyo ina nyumba za wageni, mawakala wa forodha, maduka ya vipuri na akina mama wauzao nafaka. Wateja wao wako pande zote mbili za mpaka. Asiye na ukurasa wake humtegemea dalali amsemee, na dalali hasemi bure.

Ukurasa ni nini?

Ni faili ya maandishi ambayo kivinjari cha simu au kompyuta huisoma na kuionyesha. Una sehemu tatu:

- HTML, iliyobuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, hupanga yaliyomo. Alama ya h1 ni kichwa kikuu, p ni aya, img ni picha, a ni kiungo.
- CSS, iliyotoka rasmi mwaka 1996, hupanga rangi, herufi na nafasi.
- JavaScript, ya mwaka 1995, huupa ukurasa kazi, mathalani kukokotoa bei ya magunia kumi.

Fikiria nyumba ya Mji wa Kale: HTML ni kuta, CSS ni chokaa na nakshi za mlango, JavaScript ni taa na mifereji.

Pa kuanzia

Fungua programu ya kuandikia maandishi matupu, hifadhi kazi yako kwa jina index.html, kisha ifungue kwa kivinjari. Hapo hujalipa hata senti. Ukiridhika, kodi nafasi kwenye seva na usajili jina. Majina ya Kenya huishia na .ke, ya Uganda .ug.

Ya kuzingatia mpakani

Anza na simu, si kompyuta. Herufi ziwe kubwa, na msomaji asilazimike kuvuta ukurasa kushoto na kulia.

Punguza picha. Niliwahi kufungua ukurasa wa duka moja ambalo bei zote zilikuwa ndani ya picha kubwa. Bando likaisha kabla picha haijafunguka, nami nikanunua kwingine. Bei na nambari ya simu ziandikwe kwa maandishi.

Taja sarafu. Kenya na Uganda zote hutumia shilingi, lakini thamani zake ni mbali kabisa. Andika KES au UGX kila mahali, na nambari ya simu ianze na +254 au +256.

Mwisho, weka tarehe ya bei na uibadilishe bei inapobadilika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini bei ya zamani kwenye ukurasa ni sawa na mizani iliyopunjwa: mteja akivuka mpaka kwa ajili yake, harudi tena.